Wanayeyusha betri nyuma ya nyumba yetu: nianze hospitali, kwa chifu au kwa wakili?

SWALI: Ninaishi mtaa wa mabanda pembeni ya Mombasa. Nyuma ya nyumba yetu pana yadi ya vyuma chakavu, na tangu mwaka jana wanavunja betri za magari mchana na kuziyeyusha usiku. Moshi unatukaba koo, mabati yameliwa na kutu, kuku wangu sita wamekufa. Binti yangu wa miaka minne hali chakula, tumbo linamsokota, na amekuwa mkali hata simtambui. Zahanati wamempa dawa ya minyoo mara tatu. Chifu alituambia tuvumilie kwa sababu yadi inawapa vijana kazi, na kweli shemeji yangu anafanya humo. Hatuna hati za ardhi, na wapo wanaosema tukipiga kelele tutafurushwa. Nianzie wapi?

JIBU: Mama, anza na damu ya mtoto. Chifu, wakili na yadi vyote vitangoja siku mbili tatu, lakini damu haingoji, na utaona kwamba hata hao wengine watakusikiliza tofauti ukiwa na karatasi ya maabara mkononi.

Siwezi kumpima binti yako kwa barua. Lakini nimefanya kazi ya afya ya umma Pwani miaka mingi, na uliyoyataja yakikaa pamoja (mtoto kukosa hamu ya kula, tumbo kusokota, ukali usio na sababu, dawa za minyoo zisizofua dafu, na betri zinayeyushwa nyuma ya ukuta) yananifanya niiwaze risasi kabla ya minyoo. Nasemea madini ya risasi, yale yale yaliyozipa jina risasi za bunduki. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ya gari ni risasi. Huyeyuka kwenye nyuzi 327 za selisiasi, joto ambalo moto wa makaa na kipulizio hulifikia bila shida, ndiyo maana mtu yeyote mwenye karai na uwanja anaweza kufungua kiwanda.

Daktari wa zahanati usimlaumu sana. Risasi haina dalili yake yenyewe. Huazima za wengine. Hupunguza damu kama malaria, husokota tumbo kama minyoo, hufunga choo, na ikizidi huleta degedege ambayo jirani watasema ni ya homa. Hakuna atakayeiona kwa macho. Kwa hiyo nenda hospitali kubwa, wala usiseme tu kwamba mtoto anaumwa tumbo. Sema hivi: tunaishi jirani na mahali panapoyeyushwa betri, naomba mtoto apimwe kiwango cha risasi katika damu pamoja na wingi wa damu. Hospitali isipokuwa na kipimo hicho, mwombe daktari akuandikie barua ya kuipeleka sampuli kwenye maabara yenye uwezo. Mkemia wa Serikali ana maabara Nairobi na tawi lake liko Mombasa. Damu itolewe kwenye mshipa. Ikichomwa kidole, vumbi lililoganda kwenye ngozi huweza kuingia kwenye tone na kuleta namba ya uongo, kisha wakili wa mwenye yadi ataishikilia hiyo hiyo. Mnawishe mtoto mikono kwa sabuni kabla.

Na mpime kabla ya kumpeleka kwa bibi yake bara. Najua wazo hilo umelipata, na ni zuri, lakini mpangilio una maana. Mtu akiondoka kwenye chanzo, kiwango cha risasi katika damu huanza kushuka baada ya wiki chache: nyingine hutoka kwa mkojo, nyingine huhamia kwenye mifupa na kukaa humo miaka na miaka. Ukimpima baada ya miezi mitatu ya likizo utaambiwa namba ndogo, na ile kubwa itakuwa imezikwa mifupani.

Majibu yatakuja kwa mikrogramu kwa desilita. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2021, linasema mtoto akifika 5, chanzo kitafutwe na kiondolewe. Wala halisemi kwamba chini ya 5 ni salama, kwani kiwango salama hakijulikani. Mtoto wa miaka kumi au chini akifika 45, mwongozo unataka apewe dawa za kuitoa risasi mwilini, na dawa hizo ni za hospitalini chini ya daktari. Usimpe mkaa wa kusaga. Risasi haishikwi na mkaa. Maziwa nayo hayakati sumu hii, ingawa kila nyumba ya Pwani itakuambia hivyo. Mpe maziwa kwa sababu nyingine: mwili wenye upungufu wa kalsiamu na madini ya chuma huifyonza risasi kwa pupa zaidi. Maharagwe, dagaa wanaoliwa na mifupa yao, chungwa au embe baada ya mlo, na asubuhi asitoke nje na tumbo tupu, maana tumbo tupu hufyonza zaidi. Mtoto mdogo huchukua mara nne hadi tano ya kile ambacho tumbo la mtu mzima lingechukua kwa kumeza kiasi kile kile.

Sasa nikuambie jambo ambalo barua yako imelipita. Umeandika habari za moshi. Moshi unakera na haufai, lakini kinachowaumiza watoto zaidi ni kile moshi unachokiacha: vumbi. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walikufa huko Thiaroye-sur-Mer, kitongoji cha Dakar, Senegal. Watu walikuwa wakichekecha mchanga uliojaa mabaki ya betri za miaka mingi ili wapate vipande vya risasi vya kuuza, na watoto walicheza kwenye vumbi hilo. Risasi haiozi wala haivukizwi na jua. Iliyotua uani kwako mwaka jana ingali pale, inangoja kidole cha mtoto.

Kwa hiyo wakati unahangaika na ofisi, nyumba yako ifanyie haya. Acha kufagia kwa ufagio mkavu. Unarusha juu kilichokwisha kutua. Piga deki kwa kitambaa kibichi na maji ya sabuni, na maji hayo uyamwage chooni, si uani. Viatu vibaki nje. Mikono ya watoto ioshwe kabla ya kula na kabla ya kulala. Mchicha wa nyuma ya nyumba uuache, hata ukioshwa. Mayai ya kuku wanaodonoa uwanja ule usimlishe mtoto. Na kama una pipa la kukingia mvua, hili ndilo wengi hawaliwazi: vumbi la usiku hutua juu ya mabati, mvua ya kwanza hulikosha lote hadi pipani. Yatumie maji hayo kwa choo tu. Kuyachemsha hakusaidii, maji yanapungua, risasi inabaki. Kama una mimba au jirani yako anayo, odowa na udongo wa kula muuache kabisa, kwa sababu risasi ya mama hupita hadi kwa mtoto tumboni. Anayenyonyesha asikimbilie kumwachisha mtoto ziwa kwa hofu. Apimwe damu kwanza.

Tuje kwenye ofisi. Chifu hana uwezo wa kufunga yadi, kwa hiyo usipoteze miezi ukimsubiri. Mpelekee nakala ya barua ili asije akasema hakujua. Wenye meno ni wawili. Wa kwanza ni afisa wa afya ya umma wa kaunti ndogo yako. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inampa uwezo wa kuingia, kukagua, kumpa mwenye yadi notisi ya kuondoa kero, na notisi ikipuuzwa kumpeleka mbele ya hakimu. Wa pili ni NEMA, yaani Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, chini ya sheria ya mazingira ya 1999. Kazi kama hiyo haianzi bila tathmini ya athari kwa mazingira na leseni, na betri kuukuu ni taka hatari zenye leseni yake peke yake. Mwenye yadi anatakiwa pia awe na leseni ya vyuma chakavu chini ya sheria ya 2015. Yadi ya usiku kwa kawaida haina hata moja, na hapo ndipo pa kubana, kwa sababu kuthibitisha kwamba mtu hana leseni ni kazi ya siku moja, na kuthibitisha ugonjwa ni kazi ya miaka.

Waandikie wote wawili siku moja. Barua fupi, ukurasa mmoja: yadi iko wapi, nini kinafanyika, saa ngapi, tangu lini, watoto wangapi wanaishi karibu, nani kaugua na majibu ya maabara yanasema nini. Mwisho omba vitu vitatu vinavyotajika: ukaguzi, kupimwa udongo na maji mbele ya wakazi, na amri ya kusimamisha uyeyushaji wakati uchunguzi unaendelea. Saini ziwe nyingi kadiri zinavyopatikana, kila mtu na nambari ya kitambulisho. Peleka nakala mbili. Moja ipigwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe, mbele ya macho yako, urudi nayo. Nimekaa upande wa pili wa meza ile, Mama, na nakuambia bila aibu: malalamiko ya mdomo husahaulika kabla mlalamikaji hajafika stendi. Yenye muhuri yanaogopwa kwa sababu siku moja jaji ataiuliza ofisi, ulipokea tarehe hii, ukafanya nini?

Katika barua hiyo kutu na kuku usivipe mbele. Mabati ya Pwani huliwa na chumvi ya bahari hata pasipo na yadi, na kuku hufa kwa kideri kila msimu. Ukianza na hivyo, watavishika na kuviangusha, na barua nzima itaanguka navyo. Badala yake nunua daftari la shilingi chache, muandike kila usiku: saa ya kuwasha moto, saa ya kuzima, upepo unatoka wapi, nyumba zipi zilifukizwa, nani alikohoa au kutapika. Nyinyi watu wa Pwani mnaujua upepo kuliko mtaalamu wa Nairobi. Wakati wa kusi moshi utalala upande mmoja, kaskazi ikiingia utahamia mwingine. Daftari la mwaka likionyesha hivyo, na ugonjwa ukafuata upande ule ule, hapo mna kitu. Picha za simu zipigwe kutoka kwenu. Msiruke ukuta.

NEMA ikikaa kimya, mna milango miwili isiyo na gharama. Kuna Kamati ya Kitaifa ya Malalamiko ya Mazingira, ambayo kazi yake ni kuchunguza hata mamlaka yenyewe. Na kuna Sheria ya Kupata Habari ya 2016: andika ukiuliza kama yadi ina leseni, na omba nakala ya tathmini yake. Ofisi ina siku 21 za kujibu, na pale habari inapohusu uhai wa mtu, saa 48. Wakikataa, peleka lalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Mara nyingi swali hilo peke yake huamsha faili lililolala.

Lakini msiombe kufungwa kwa yadi tu. Hili nililijifunza vibaya. Zamani za ujana wangu kazini nilimpa notisi mwenye yadi mmoja, sitamtaja wala mahali, naye alikuwa mtiifu kupita kiasi: wiki mbili akahama na vyombo vyake vyote, nikaandika ripoti kwamba kero imeondolewa. Uwanja ukabaki mtupu, tambarare, mzuri. Watoto wakaufanya kiwanja cha mpira. Sikuwa nimeandika neno moja kuhusu udongo. Kwa hiyo nyinyi andikeni: usafishwe, uondolewe udongo wa juu, upelekwe panapostahili na si shimo la karibu. Zamfara, kaskazini magharibi mwa Nigeria, ambako zaidi ya watoto 400 walikufa kwa risasi mwaka 2010 baada ya mawe ya dhahabu kusagwa vijijini, Madaktari Wasio na Mipaka walitaka kijiji kisafishwe kwanza ndipo watoto watibiwe. Dawa inayomtoa mtoto risasi leo na kumrudisha kwenye vumbi kesho ni kazi bure.

Kuhusu hati za ardhi, hapa hofu yenu imezidi sheria. Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kila mtu, hakikusema kila mwenye shamba. Kifungu cha 70 kinakuruhusu kwenda mahakamani, na kinaongeza kwamba huhitaji kuonyesha kwamba mtu amepata hasara au ameumia. Yaani hamngojei mtoto afe ndipo mshitaki. Mahakama yenyewe ni ile ya Mazingira na Ardhi, na iko Mombasa. Kifungu cha 22 kinataka kesi ya haki isitozwe ada ya kuifungua, na kanuni za 2013 zinamruhusu jaji kupokea hata barua ya kawaida. Wakili hata hivyo mtamhitaji. Ulizeni Kituo cha Sheria, ambao wana ofisi Mombasa, au huduma ya kitaifa ya msaada wa kisheria.

Na mfano mnao mlangoni. Owino Uhuru, kule Mikindani, ni mtaa wa mabanda kama wenu, watu kama elfu tatu. Kiwanda cha kuyeyusha betri kilianza kazi hapo 2007. Phyllis Omido aliajiriwa humo, mwanawe mchanga akaugua, hospitali zikatafuta malaria na homa ya matumbo, mpaka mtu akawaza risasi. Alikamatwa 2012, akashtakiwa kwa uchochezi, akaachiliwa. Kiwanda kilifungwa 2014. Wakazi wakafungua kesi 2016, na Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikawapa fidia ya shilingi bilioni 1.3, na kuagiza mahali pasafishwe ndani ya miezi minne, la sivyo zilipwe milioni 700 za usafishaji. Waliobebeshwa deni si kiwanda peke yake. Mashirika ya serikali, NEMA ikiwemo, yaliambiwa yalipe kwa uzembe wao. Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu mwaka 2023. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Hesabu mwenyewe hiyo ni miaka mingapi, na mtoto aliyekuwa akitambaa 2007 alikuwa na umri gani siku ya hukumu ya mwisho. Ndiyo sababu nimekuweka hospitali kwanza na mahakama mwisho, ingawa mlango wa mahakama uko wazi tangu leo.

Mkitaka kuandamana, ni haki yenu, lakini polisi wapewe taarifa kwa maandishi siku zisizopungua tatu na zisizozidi kumi na nne kabla. Vijana wenu wasiende kuichoma yadi. Betri zikiungua pamoja, usiku mmoja utawamwagia vumbi la mwaka mzima, na kesi itageuka, nyinyi ndio mtakaokuwa kizimbani. Mtu akikutishia, nenda kituoni, uondoke na nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Mwenye yadi akija na unga na karatasi ya kusaini, unga uwe shauri lako. Karatasi usiisaini kabla wakili hajaisoma.

Amebaki shemeji. Usigombane naye. Katika mtaa mzima yeye ndiye mwenye risasi nyingi kuliko wote, na jioni huileta nyumbani kwenye nywele na suruali, akambeba mtoto kabla ya kuoga. Aoge huko huko akiweza, nguo zake zifuliwe peke yake na maji yamwagwe chooni, na akiwa na mazoea ya kuchukua vipande akaviyeyushie risasi za nyavu za kuvulia, sufuria hiyo isirudi jikoni tena. Siku unayompeleka binti yako hospitali, mwende wote wawili, naye atolewe damu. Ikiwa namba yake itakuwa vile ninavyoiogopa, muulize polepole, si mbele ya watu, betri zinaletwa na gari gani, usiku gani, na vipande vya risasi vinapelekwa wapi. Aseme kwanza na wakili, jina lake lilindwe. Yeye anaijua yadi kwa ndani, na hakuna mkaguzi atakayekiona asubuhi kile yeye anachokiona saa nane za usiku.